Somo Lisilo na Mtihani

Katika shule ile ya msingi iliyobanana katikati ya maghala ya Kariakoo, watoto waliwapa walimu majina kwa masomo yao. Kulikuwa na Mwalimu Hesabu, kulikuwa na Mwalimu Siasa aliyependa kuhutubia akiwa amefumba macho, na kulikuwa na Mwalimu Vyungu. Huyo Mwalimu Vyungu ndiye Candida, mke wa Benjamini wa bandarini, na somo lake lilikuwa Sayansi Kimu.

Hakuliomba somo hilo. Alitoka chuo cha ualimu akiwa amejiandaa kufundisha Jiografia, na miaka ya mwanzo aliifundisha kweli, kwa ramani ya Afrika aliyoichora mwenyewe juu ya shuka kuukuu. Lakini mwalimu wa Sayansi Kimu alipohamia Tabora kumfuata mumewe, Mwalimu Mkuu, Mama Agnesi, aliwazungushia macho walimu wake siku ya kugawana masomo, na macho yakatua kwa Candida. Candida alikuwa mtu wa kusini, amekulia jirani na masista wa Ndanda, na masista walijulikana kwa kuwafunza wasichana kushona na kutunza nyumba. Basi ikawa imekwisha. Jiografia akapewa kijana mgeni aliyekuwa na sauti kubwa.

Candida alirudi nyumbani amenuna. Benjamini, mtu wa maneno machache aliyeshinda akipakua magunia melini, alimwambia kuwa mshahara hauulizi somo. Alidhani anamliwaza.

Kwa kweli Sayansi Kimu ilikuwa na mambo mengi kuliko vyungu. Ndani yake mlikuwa na maji safi na maji machafu, vyakula vya kujenga mwili na vya kuupa nguvu, kumlea mtoto mchanga, kufua, kushona kifungo, kumhudumia aliyeungua. Tatizo ni kwamba shule haikuwa na jiko, haikuwa na vyombo, wala haikuwa na chumba cha kuyafanyia hayo. Na baya zaidi, somo lenyewe halikuwemo kwenye mtihani wa darasa la saba. Mtoto angeweza kulijua lote au asijue hata neno, na karatasi ya mtihani isingemwuliza. Kwa hiyo walimu wenzake walilihesabu kama mapumziko marefu.

Naye kwa miezi ya mwanzo alilifundisha hivyo hivyo, kwa chaki. Alichora chungu ubaoni, akaandika majina ya vyakula, watoto wakanakili, kengele ikalia. Siku moja, ili kipindi kipite tu, aliwauliza darasa la tano asubuhi ile wamekula nini. Aliuliza bila nia yoyote. Mmoja akasema chai ya rangi, wenzake wakacheka. Mwingine akasema kiporo cha ugali. Halafu kikafuata kimya, na Candida alipowatazama vizuri aliona kwamba walionyamaza ni wengi kuliko waliosema, na kwamba walikuwa wameinamisha nyuso kwenye madawati. Ilikuwa miaka ya foleni. Sukari ilipangiwa foleni, sabuni ilipangiwa foleni, na mama akitoka alfajiri kwenda kuipanga, watoto waliondoka nyumbani na kilichokuwepo, na mara nyingi hakikuwepo.

Tangu siku hiyo somo likabadilika mikononi mwake. Aliomba stoo iliyojaa madawati mabovu, akayatoa yale madawati, akapanga mafiga matatu nyuma yake penye kivuli cha ukuta. Vyungu aliviomba kwa majirani. Akawafundisha watoto kupika uji wa muhogo ulioungwa kwa karanga, kukausha majani ya kunde yasioze, kuchemsha maji na kuyafunika, kumwogesha mtoto bila kumtia baridi. Alifundisha vitu ambavyo mtoto wa chumba kimoja cha Mtaa wa Mchikichi angeweza kuvifanya jioni ileile. Na kwa sababu mtaala haukumwambia awatoe wavulana, hakuwatoa. Wavulana walimenya, walikuna nazi, walishona vifungo vya kaptura zao wenyewe.

Hapo ndipo alipomjua Mzee Shomari.

Mzee Shomari alikuwa akiuza nazi shimoni, kule chini ya soko kuu, na alikuwa na mtoto wa kiume darasa la sita. Alikuja shuleni mchana mmoja na kofia yake imekaa upande, akamwona Candida nje ya stoo, akamsalimu vizuri kama desturi. Kisha akasema alichokuja kusema: kwamba mwanawe amekutwa nyumbani akipepeta mchele, dada zake wamekaa wanamtazama, na alipoulizwa akajibu kuwa ni kazi ya shule. Alitaka kujua kama serikali imeamua kuwaoza wavulana.

Candida alimpa kigoda. Kukaa pwani kulikuwa kumemfunza kwamba mtu wa pwani ukimkaribisha kigoda, hasira yake nayo hukaa.

"Mzee Shomari," alisema, "harusini kwenu pilau anapika nani?"

"Wapishi," alisema yule mzee.

"Wanaume au wanawake?"

Mzee akatazama vyungu vilivyopangwa ukutani. Kila mtu wa mji ule alijua kuwa sufuria kubwa la harusi hulishika mwanamume, tena mwenye jina lake, anayeitwa toka mtaa wa mbali. "Hiyo ni kazi, mwalimu," alijibu hatimaye. "Hii ya kwako ni ya jikoni kwa mama."

"Na huyo mpishi wa harusi alianzia wapi?"

Mzee Shomari aliinyoosha kofia yake. Alikaa kidogo, akaomba maji, akanywa, akaaga. Hakusema amekubali. Ila juma lililofuata mwanawe alikuja na kikapu cha nazi zilizopasuka, zile zisizouzika, akasema baba amesema zisitupwe. Na tangu hapo kikapu kikawa kinakuja, bila salamu wala maelezo.

Mgomvi wa kweli wa Candida hakuwa mzazi. Alikuwa Mwalimu Tarsis, yule aliyeitwa Mwalimu Hesabu.

Tarsis alikuwa ametoka Kibosho, mwembamba, mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Alifundisha Hisabati kama mtu anayezima moto. Alikuwa hana ubaya. Alikuwa na haraka. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Kutoka darasa lililojaa watoto wakikaa wanne wanne kwenye dawati, walichaguliwa wawili watatu, mwaka wa heri wanne. Tarsis mwenyewe alikuwa mmoja wa wawili watatu wa kijiji chake, na alijua kilichowapata wenzake waliobaki. Kwa hiyo kila dakika aliyoipata aliijaza hesabu, na alipokosa dakika za kwake alichukua za wengine. Uimbaji aliumaliza zamani. Michezo aliitafuna nusu. Kipindi cha Sayansi Kimu cha darasa la saba, Alhamisi baada ya mapumziko, alikichukua bila hata kuomba: Candida alikuwa akifika mlangoni na kukuta ubao umejaa sehemu na asilimia, na Tarsis akimwonyesha kidole kimoja, kwamba dakika moja tu, na dakika moja hiyo huishia kwenye kengele.

Alivumilia muhula mzima. Halafu siku ya kikao cha walimu akasimama. Alisema bila kupaza sauti, ila mikono yake ilikuwa imeshika kiti cha mbele yake. Alisema kila mwaka shule inawapigia makofi wale watatu. Hao hawana neno, Mungu awabariki. Lakini hawa wengine wote, darasa zima, siku wanapotoka getini wanakwenda wapi, na wanakwenda na nini? Elimu ya kujitegemea inaimbwa kila asubuhi mstarini. Je, ni wimbo tu?

"Mwalimu Candida," Tarsis alisema, "wewe unawaandaa kushindwa."

"Nawaandaa kuishi," alisema Candida. "Kushindwa unawafundisha wewe, unapowaambia kwamba asiyechaguliwa si kitu."

Mama Agnesi, aliyekuwa amezoea kuyaacha mambo yajitatue, safari hii aliamua. Kila mwalimu atabaki ndani ya vipindi vyake. Tarsis aliitika kwa kichwa, akafunga daftari lake, na kwa muda mrefu baada ya siku ile wawili hao walisalimiana kama watu waliokutana msibani.

Basi Candida alikuwa ameshinda. Na huenda mambo yangebaki hivyo, kama si kwamba alikuwa na mtoto.

Mtoto wake wa kwanza aliitwa Klara, na alisoma shule hiyohiyo. Alikuwa msichana mrefu, mkimya kama baba yake, mwenye akili ya kutulia lakini si ya kukimbia. Kiswahili alikiweza, Sayansi aliiweza, Hisabati ilimkimbia. Mwaka alioingia darasa la saba, Candida alianza kuona ndoto mchana. Alimwona Klara amevaa sketi ya sekondari. Alimwona amebeba sanduku la bati, anapanda basi kwenda shule ya bweni. Aliona hata namna atakavyowajibu majirani watakapouliza Klara yuko wapi. Alijikemea, maana yeye ndiye aliyesimama kikaoni akasema asiyechaguliwa naye ni mtu. Lakini neno unalosema juu ya watoto wa watu lina uzito wake, na likirudi nyumbani kwako linabadilika uzito.

Mwezi wa Machi, Tarsis alimsubiri kwenye ukumbi mdogo nje ya ofisi. Alimwambia kwamba Klara anaweza. Si kwamba anaweza sana, lakini akikazwa anaweza, na muda hautoshi. Hakuomba kitu. Alisimama tu pale akipangusa chaki viganjani.

"Chukua Alhamisi," alisema Candida.

"Una hakika?"

"Chukua, Mwalimu Tarsis. Usinifanye nirudie."

Alikichukua. Mwezi uliofuata wakakubaliana achukue na kipindi kingine kifupi cha Jumatatu. Mama Agnesi aliona, akaona ni nani aliyekitoa, akafumba mdomo. Kwa walimu wengine Candida alisema darasa la saba wamekwisha kujua ya kutosha, atawashughulikia wadogo. Alilisema mara nyingi mpaka akakaribia kuliamini.

Mwaka huohuo ndio unga wa njano ulipojaa mjini. Mvua zilikuwa zimekataa huko mikoani, mahindi meupe yakapotea, na kwenye maduka ya ushirika ukaja unga wa mahindi ya nchi za mbali, wa rangi ya kiini cha yai. Watu waliuita unga wa Yanga, kwa jezi za ile timu ya Jangwani, na Benjamini, mpenzi wa Simba tangu alipotia mguu mjini, aliapa kuwa rangi ile haitapita kooni mwake. Ikapita, kwa kuwa hapakuwa na nyingine. Lakini watu waliula kwa kinyongo. Walisema unanuka ghala, unakwama kooni, ni chakula cha kuku. Kina mama walioshindwa kuupika waliumwaga, na kuumwaga unga mwaka ule ilikuwa dhambi.

Candida aliujaribu nyumbani usiku, watoto wamelala, mpaka akaujua. Uloweke kwanza, ukamulie ndimu kidogo, uuchanganye na muhogo, upike kwa moto mdogo kwa muda mrefu. Akawafundisha darasa la tano na la sita, na kwa wiki kadhaa nyuma ya ile stoo kulinukia vizuri kiasi kwamba wachukuzi wa sokoni walikuwa wakichungulia ukutani. Darasa la saba walikuwa ndani, madirisha wazi, wakikokotoa riba. Klara alikaa karibu na dirisha. Candida alimwona mara moja ameacha kuandika, amegeuza uso kwenye moshi. Alimkazia macho mpaka mtoto akarudi kwenye daftari.

Mtihani ulifanywa Septemba. Majina yakatoka mwishoni mwa mwaka.

Aliyeleta habari ni Tarsis mwenyewe. Alikuja mpaka nyumbani kwao, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, akabisha hodi, akavua viatu. Candida alipomwona mlangoni alijua. Kama ingekuwa heri, angeituma kwa mtoto yeyote ambaye angekuja mbio. Tarsis alikaa kwenye mkeka, akasema kwamba shule imepata watatu, na kwamba Klara hayumo. Alitaja alama zilikoishia. Kisha akasema, akitazama sakafu, "Nilimfundisha kama wa kwangu."

"Najua," alisema Candida. Alimpa chai. Hakuwa na hasira naye, na hilo lenyewe lilimchosha, kwa kuwa hasira ingempa pa kushika.

Klara alikuwa chumba cha pili, pazia tu katikati. Alikuwa amesikia yote. Hakulia siku ile. Alifua, akateka maji, akapika. Ilikuwa siku ya tatu au ya nne, walipokuwa wawili uani wakichambua mchicha, ndipo mama alipoanza kusema yale ambayo mama husema: kwamba Mungu ana njia zake, kwamba yeye kama mzazi alifanya kila alichoweza, kwamba mpaka vipindi vyake mwenyewe alivitoa kwa ajili yake.

Klara aliacha kuchambua.

"Mama," alisema, "hicho ndicho kipindi nilichokuwa nakingoja wiki nzima."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayemwonyesha mwenzake mahali alipodondosha kitu. Kisha akaendelea na mchicha. Candida aliuweka mchicha chini. Aliingia ndani akakaa kitandani, mikono imelowa, na akabaki pale mpaka Benjamini aliporudi kazini akamkuta na kumwuliza kama anaumwa.

Alimweleza mumewe yote, na kesho yake Benjamini alimchukua Klara, akaenda naye bandarini. Kulikuwa na kantini ya makuli iliyokuwa ikitafuta wasaidizi wa jikoni, na mpishi mkuu wake, bibi mmoja wa Kilimanjaro aitwaye Euphrasia, alikuwa akifahamiana naye. Klara akachukuliwa.

Candida aliona aibu. Hilo lazima lisemwe, maana ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu wa Sayansi Kimu, aliyewaambia wazazi wa watu kwamba jiko ni elimu, aliona aibu mwanawe kuwa jikoni. Majirani walipouliza, alisema Klara anasubiri nafasi ya mafunzo. Aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo, alimkumbuka Tarsis na neno lake la kushindwa, akajua kwamba yule mwenzake alikuwa muwazi kuliko yeye.

Shule ilipofunguliwa, Mama Agnesi alimwita ofisini. Kijana wa Jiografia alikuwa ameondoka kwenda masomoni. Mama Agnesi alisema anajua mwaka uliopita ulikuwa mgumu, na kwamba kama Candida anataka kurudi kwenye somo lake la zamani, huu ndio wakati, na hakuna atakayemlaumu. Candida aliomba siku mbili za kufikiri. Miaka yote hiyo angetoa kidole kwa maneno yale, na sasa yalimfika kama nguo aliyoipenda zamani, ambayo hajui tena kama inamtosha.

Siku iliyofuata, baada ya vipindi, alikwenda bandarini. Hakuwa amewahi kufika kantini ile. Alipita kwenye lango la malori, akauliza njia, akaelekezwa kwenye banda refu la bati lililojaa moshi. Makuli walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, mashati yamelowa jasho, wanakula. Walikuwa wanakula ugali wa njano na mchuzi wa samaki wa soko la Feri, na wanaula kimyakimya, kama wanavyokula watu wenye njaa waliopewa chakula chenye ladha.

Klara alikuwa nyuma, mbele ya sufuria lililomfika kiunoni. Alikuwa ameungua mkononi, alama bado nyekundu. Bibi Euphrasia alikuwa akimfokea kwamba achochee kuni, asiangalie watu, na Klara alikuwa akijibu "ndiyo, bibi" huku akisonga kwa mwiko mrefu kama kasia. Hakumwona mama yake. Candida alisimama kando ya nguzo, akamtazama mtoto akionja kidogo kwa ncha ya kidole, akafikiri, akaongeza kitu, akaonja tena.

Bibi Euphrasia ndiye aliyemwona kwanza. Alipojua ni nani, alifuta mikono, akamsalimu, akasema huyu binti alipofika hakujua kupikia watu wengi, alimuunguzia sufuria mbili, lakini huu unga wa njano ameushika haraka. Candida aliuliza nani aliyemfundisha kuuloweka.

"Kasema alikuwa akichungulia dirishani," alisema yule bibi.

Klara aligeuka. Kwa muda mfupi uso wake ulikuwa na hofu, kama mwanafunzi aliyekutwa na mwalimu mahali pasipo pake. Candida akasogea, akamshika ule mkono ulioungua, akautazama, akauliza amepaka nini. Klara akasema maji baridi tu, kama ilivyofundishwa. Candida akasema vema. Kisha, kwa kuwa makuli walikuwa wanangoja na Bibi Euphrasia ameanza tena kukunja uso, akaomba sahani, akakaa kwenye benchi katikati ya watu wasiomjua, akala chakula cha mwanawe mpaka kikaisha.

Walirudi pamoja jioni kwa miguu, wakipita njia ndefu ya Gerezani. Hapo njiani ndipo alipomwomba radhi. Hakueleza sana. Alisema alichukua kitu cha Klara akakitoa bila kumwuliza, na kwamba alikitoa kwa kupenda, lakini kupenda hakukukifanya kuwa chake. Klara alisikiliza. Alisema hakujua kama angechaguliwa hata kama angesoma Hisabati mchana na usiku, na kwamba sekondari bado anaitamani, asije mama akadhani amekwisha kuisahau. Candida alisema hatadhani hivyo. Hayo ndiyo yaliyosemwa, na hayakumaliza kila kitu, maana kwa miezi bado zilikuwepo siku ambazo Klara alirudi kazini, akala, akalala bila neno.

Asubuhi yake Candida alimwambia Mama Agnesi kwamba Jiografia wampe mwingine. Atabaki na Sayansi Kimu, na darasa la saba wawe wa kwake kila Alhamisi, na mwaka huu hata mtoto wa nani akiwemo, hatakitoa. Mama Agnesi aliandika, akasema maneno hayo angeyapenda zaidi kama angeyasikia mwaka jana. Candida alikubali kwamba alistahili kuambiwa hivyo.

Tarsis hakukiomba tena kipindi kile. Wala hakuwahi kusema alikosea. Aliendelea kuzima moto wake kwenye vipindi vyake, na mwaka ule shule ikapata wawili watatu kama kawaida, sawasawa na miaka aliyokuwa akitafuna vipindi vya wenzake. Lakini salamu zao zililegea. Siku nyingine alipita nyuma ya stoo akapewa kibakuli cha uji, akaunywa amesimama, akasema karanga zimepungua.

Mwaka uliofuata, Klara akiwa kwenye likizo ya kantini, Candida alimwomba aje awaeleze darasa la saba namna ya kupikia watu wengi. Klara alikataa mara ya kwanza, akakataa mara ya pili, mara ya tatu akaja. Alivaa gauni lake la kanisani. Alisimama mbele ya darasa akiwa ameshika mwiko kwa mikono miwili, sufuria tupu kando yake, akaanza kusema kwa sauti ndogo kiasi kwamba waliokaa nyuma hawakusikia, nao wakaanza kunong'ona, kisha kuzungumza, kisha mmoja akacheka.

Candida alikuwa amekaa kwenye dawati la mwisho, magoti yamebanwa. Alikwisha kuinuka nusu ili awanyamazishe. Akajizuia, akakaa tena, akaweka mikono yake juu ya dawati.

Klara aligonga ukingo wa sufuria kwa mwiko, mara moja, kwa nguvu. Darasa likatulia. Akasubiri mpaka wote wamemtazama, kisha akawauliza ni nani kati yao anayejua kuwasha moto wa kuni mbichi.